Kwa nini mradi wa faiba Australia ulikwama kwenye asbesto?

Je, wajua kwamba mwaka 2013 mradi mkubwa wa intaneti wa serikali ya Australia ulitikiswa na masanduku ya saruji yaliyofukiwa kando ya barabara? Mafundi walikuwa wakitengeneza chemba za zamani za simu huko Penrith, magharibi mwa Sydney, ili faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha intaneti, ya mradi huo wa National Broadband Network (NBN) ipate pa kupita. Ikabainika kwamba chemba hizo ni za saruji iliyochanganywa na asbesto, madini ya nyuzi nyuzi ambayo vumbi lake huleta saratani, na kwamba taratibu za kuishughulikia hazikufuatwa. Baadhi ya familia za jirani zilihamishwa kwa muda, na mwezi Juni kampuni ya simu ya Telstra, mwenye chemba, ikasimamisha kazi hiyo nchi nzima.

Chemba ni lile sanduku lenye mfuniko mnaloliona pembeni mwa njia ya waenda kwa miguu, ambamo nyaya huunganishwa na kugawanywa kwenda majumbani. Hadi miaka ya 1980, nyingi za Australia zilitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto. Zilikuwa nyepesi kubeba, hazikuoza na hazikupasuka ovyo. Nchi hiyo ilipiga marufuku asbesto ya kila aina tarehe 31 Desemba 2003, lakini marufuku hayo yalihusu kutengeneza, kuingiza na kutumia upya. Iliyokwisha kujengwa au kufukiwa iliachwa ilipo, na kwa kweli hilo halikuwa kosa: saruji ya asbesto ikiwa nzima na haiguswi, nyuzi zake hubaki zimeshikwa ndani.

Shida huanza pale inapoguswa. Chemba nyingi za zamani zilikuwa ndogo mno kwa viunganishi vya faiba, nyingine zimepasuliwa na mizizi ya miti au magari yaliyopanda ukingo. Fundi mwenye nyumba nyingi za kumaliza kwa siku hupiga ukuta wa chemba kwa nyundo mpaka uvunjike, au huchukua grainda akate tundu la bomba. Grainda ndiyo mbaya zaidi. Vumbi linalotoka lina nyuzi nyembamba kuliko maikroni 3 (sehemu 3 za elfu za milimita), ambazo pua na koo haziwezi kuzizuia, zikashuka hadi ndani ya mapafu na kukaa humo. Mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye.

Kuitoa salama si kazi ya kisayansi, ila inataka muda. Kwanza eneo huzungushiwa utepe na watu wasiohusika huondolewa. Chemba hulowanishwa kwa maji ya kunyunyiza taratibu, kamwe si kwa mashine ya presha, maana presha hurarua uso wa saruji na kutawanya nyuzi. Udongo wa pembeni huchimbwa mpaka chemba ilegee, kisha huinuliwa ikiwa nzima kadiri inavyowezekana. Ikilazimu kutoboa tundu dogo, fundi hupaka mahali hapo kitu kizito kama povu la kunyolea ndevu, akatumia drili ya mkono, na vumbi likanasa humo humo. Mavazi ni ovaroli ya kutupwa na barakoa ya daraja la P2, inayochuja vumbi laini lakini haizibi vizuri juu ya ndevu. Chemba hufungwa kwa plastiki ya unene wa milimita 0.2, mara mbili, ikabandikwa lebo na kupelekwa kwenye jaa lenye kibali. Hakuna kufagia kwa ufagio mkavu, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hairuhusiwi: chujio lake hurudisha nyuzi hewani.

Sheria ilikuwapo, na ndipo mjadala unaponoga. Kanuni za mfano za usalama kazini za mwaka 2011, zilizoandikwa ili majimbo yazichukue, zinataka leseni kwa anayeondoa zaidi ya mita 10 za mraba za asbesto iliyoshikamana, kama ile iliyo ndani ya saruji. Chemba moja ya kawaida haifikii eneo hilo. Mkandarasi anayehesabu chemba moja moja anaweza kujiona yuko ndani ya sheria, ingawa mradi mzima unagusa chemba zisizohesabika. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinamfaa mwenye nyumba anayebomoa banda lake, hakiufai mradi wa taifa.

Halafu kuna swali la nani abebe mzigo. Chemba zilijengwa na idara ya serikali ya posta na simu, zikarithiwa na Telecom Australia, ambayo baadaye ikawa Telstra na kuuzwa kwa awamu kati ya 1997 na 2006. Mwaka 2011 kampuni ya serikali ya NBN Co ikaingia mkataba na Telstra wenye thamani ya takriban dola bilioni 11 za Australia, ambao ndani yake ilikodi chemba na mabomba yale yale. Kuziweka tayari, pamoja na asbesto yake, kulibaki kwa Telstra, na Telstra ilikubali wajibu huo hadharani. Kwenye karatasi mambo yalikuwa wazi. Uwanjani, kazi ilishuka kwa mkandarasi, ikashuka tena kwa mkandarasi mdogo, mpaka kwa fundi anayelipwa kwa kila chemba. Juu ya hapo, kwa usalama kazini Telstra ilisimamiwa na Comcare, mamlaka ya shirikisho, huku makampuni madogo yakiwa chini ya wakaguzi wa jimbo. Mnyororo mrefu namna hii hupitisha fedha vizuri kuliko unavyopitisha mafunzo.

Suala likaingia pia kwenye siasa za teknolojia. Mpango wa awali ulitaka faiba ifike asilimia 93 ya majengo. Baada ya uchaguzi wa Septemba 2013 serikali mpya ilichagua, kwa nyumba nyingi, kufikisha faiba kwenye kabati la mtaani tu, nyumba ziendelee na waya wa shaba. Chemba za kuguswa zikapungua, lakini dawa haikuwa hiyo: kuanzia 2018 njia nyingine ikaweka kifaa kidogo ndani ya chemba iliyo mbele ya nyumba, na mafundi wakarudi kufunua mifuniko ile ile.

Jambo moja lililofanywa vizuri ni kumbukumbu. Australia ina rejista ya taifa ambamo mtu anayedhani alivuta vumbi la asbesto huandikisha jina, mahali na tarehe. Ugonjwa ukija baada ya miaka 30 kampuni huenda imekufa na wenzake wametawanyika, hivyo maandishi hayo ni ushahidi wa maana. Huko New South Wales, jimbo la Sydney, mahakama maalumu ya magonjwa ya vumbi, iliyoanzishwa 1989, haina kikomo cha muda wa kufungua kesi.

Kwa wanaolaza faiba Afrika Mashariki, chemba zenu huenda ni za zege la kawaida, lakini chini ya miji yetu kadhaa bado kuna mabomba ya maji ya saruji ya asbesto, na majengo mengi ya zamani yameezekwa kwa asbesto. Macho hayatoshi kuitambua. Kipande hupimwa maabara kwa hadubini. Kanuni za Australia zinaruhusu njia ya mkato iliyo salama: usipokuwa na uhakika, ichukulie kuwa ni asbesto. Mkikata bomba la kijivu lenye nyuzi nyuzi kwenye mpasuko, zimeni mashine, nyunyizeni maji, funikeni mpasuko kwa plastiki, na mwandike majina ya waliokuwa mtaroni siku hiyo kabla hamjaita mamlaka ya maji.