Bibi wa bibi yako alifuma lesi? Usiwafuate wanaume tu

Wengi mnaoniomba niwafuatilie nasaba ya Uingereza, hasa nyie mlioolewa huku au wenye babu Mzungu, mnaanza na wanaume. Sawa, ila ukoo wa Bedfordshire, Buckinghamshire au Northamptonshire, mikoa ya Uingereza iliyojulikana kwa lesi, ukiufuata kwa wanaume utaokota vibarua wa shamba kizazi baada ya kizazi, basi, wakati mle ndani mama na mabinti walikuwa wanaingiza pesa kwa lesi ya mkono.

Sensa ya 1841 itakuangusha. Kazi ya mke na watoto mara nyingi imeachwa wazi, alafu waliozidi miaka 15 umri wao ulitakiwa kushushwa hadi tano ya chini, yaani wa miaka 44 kaandikwa 40. We nenda 1851, na usisome nyumba yenu peke yake, soma kijiji kizima mlango kwa mlango. Hapo ndo unaona mjane mfuma lesi, jirani mfuma lesi, katoto ka miaka sita nako kafuma lesi! Si karani aliyekosea, kulikuwa na shule za lesi zinachukua watoto tangu miaka mitano hivi, na kusoma kwenyewe kulikuwa kidogo sana. Ukifungua cheti cha ndoa cha huyo huyo binti miaka kumi na tano mbele unakuta kaweka alama ya msalaba badala ya sahihi, na safu ya kazi yake tupu, kazi ya baba yake imeandikwa vizuri tu. Mimi hiyo safu tupu siiamini hata siku moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mto mgumu uliojazwa majani makavu, juu yake ngozi iliyotobolewa matundu ya mchoro, kwenye matundu unachomeka pini, na nyuzi zimezungushwa kwenye vijiti vyembamba vya mti au mfupa. Vijiti vinakwenda jozi jozi, unapishanisha, unasokota, unachomeka pini, unaendelea, kama mtu anayesuka ukili ila kwa uzi mwembamba mno. Mwisho wa kila kijiti kuna kipete cha shanga kinachokipa uzito ili uzi usilegee. Usiku wanawake kadhaa walizunguka mshumaa mmoja, na chupa za maji zimewekwa mbele yake kukusanya mwanga uangukie kwenye mto.

Sa hivi vijiti vinawachanganya watu. Vingi vimechongwa majina, mtu akikuta kimoja kina jina la bibi yake anashangilia. Pole pole jamani, vilikuwa zawadi, vilinunuliwa, vilirithiwa, na vingine ni kumbukumbu ya mambo mengine kabisa: kuna vya William Worsley aliyenyongwa hadharani Bedford mwaka 1868. Kwa hiyo jina la mwanamume kwenye kijiti si lazima awe mchumba wa mtu.

Na zile hadithi za familia, eti bibi alifuma lesi ya gauni la harusi la Malkia Victoria la 1840, angalia kwanza kijiji. Lesi ile ilitoka mkoa wa Devon, sana sana kijiji cha Beer, kwa hiyo bibi wa Bedfordshire mtoe humo.

Ukiona ufumaji umepotea kwenye sensa za 1881 na kuendelea, usimzike mtu haraka. Bei ilishuka kwa sababu ya mashine, sheria za 1867 na 1870 zikabana ajira ya watoto na kuwapeleka shule za kawaida, mabinti wakahamia kazi za ndani au Luton kushona kofia za majani.

Wafuma lesi wa mji wa Nottingham ni habari nyingine, hao ni watu wa mashine. Baadhi walihamia Calais, Ufaransa, na vurugu za 1848 zilipowakosesha kazi wengine wakapanda meli za Agincourt, Fairlie na Harpley kwenda Australia. Kwa hiyo ukikuta familia ya Kiingereza iko Sydney au Adelaide na mtoto mmoja kazaliwa Calais, tafuta orodha za abiria za meli hizo kabla hujahangaika na makanisa ya Nottingham.