Je, Wajua Kwa Nini Picha za Mpira wa Kikapu Ukumbini Hubadilika Rangi Zenyewe?

Chukua mechi ya kikapu ndani ya ukumbi wenye madirisha, hapa Mwanza, inayoanza saa kumi na moja na nusu jioni. Robo mbili za mwanzo picha zinatoka safi. Jua likishazama, taa zikabaki peke yake, picha tatu za mfululizo za mchezaji yuleyule zinatofautiana: moja nyeupe, nyingine ya njano, ya tatu ina utepe wa giza.

Kamera ni nzima. Umeme wa gridi yetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui. Shata (pazia la kamera) ya 1/500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde, inatambua, kwa sababu inafunguka kwa sehemu ya tano tu ya pigo moja la mwanga: ikikutana na kilele picha inang'aa, ikikosa inafifia na kugeuka njano. Utepe unatokea kwa kuwa katika kasi hiyo shata huacha mwanya mdogo kuliko kihisi (kinachopokea picha), unaopita juu yake, hivyo kichwa na miguu havipati mwanga kwa wakati mmoja. Mwanga wa jua haupepesi, ndiyo maana mwanzoni hukuona kitu.

Pima kabla ya mechi. Lenga ukuta mweupe unaomulikwa na taa, si jua, weka 1/500, piga picha kumi mfululizo. Zikitofautiana, washa kizuia-mpepeso kwenye menyu. Kamera nyingi mpya zinacho, nayo husubiri kilele cha mwanga ndipo ipige. Kama huna, shuka hadi 1/250 na upige nyingi uchague. 1/100 humaliza tatizo lote, ila mchezaji anayekimbia mita 5 kwa sekunde atasogea sentimita 5 shata ikiwa wazi. Ukungu mtupu.

Mipangilio ya kuanzia: hali ya mkono (M, unayopanga mwenyewe), shata 1/500, tundu la lenzi wazi kabisa, ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) 3200 hadi 6400. Punje za ISO kubwa zinavumilika. Ukungu wa mwendo ni mgumu kusafishwa kwa programu. Mizani ya weupe (namna kamera inavyosoma rangi nyeupe) isiachwe otomatiki: piga karatasi nyeupe chini ya taa zilezile, uifanye kipimo.

Lenzi inayokuja na kamera ndiyo inayowaangusha wengi. Ukiivuta hadi mwisho, tundu hubaki f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya mm 50 yenye f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu kuliko nyingi, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwenye kamera ya kihisi cha APS-C (kidogo kuliko kihisi kamili), ukiishika wima na mchezaji akiwa mita 6, unapata urefu wa mita 2.8 hivi: anatosha yeye na mikono iliyoinuliwa, lakini ringi iliyo mita 3.05 juu itakatika usipoinua kamera.

Kaa nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni ya goli, ukiyapa madirisha mgongo, la sivyo wachezaji watakuwa vivuli. Fleshi usiiwashe bila idhini ya waamuzi.

Halafu subiri kilele cha mruko. Katika sehemu ya kumi ya mwisho ya sekunde kabla ya kilele, mwili hupanda sentimita 5 tu, kwa hiyo hata 1/250 humkamata akiwa mkali. Mpira na vidole vina kasi yake. Hivyo bado vinataka 1/500.