Ndoo za Barafu za 2014 Zilinunua Nini Maabara

Katikati ya mwaka 2014, watu zaidi ya milioni 17 walijirekodi wakijimwagia ndoo ya maji ya barafu, kisha wakawataja rafiki zao nao wafanye hivyo au watoe mchango. Ndani ya wiki nane hivi, Chama cha ALS cha Marekani, kinachoshughulikia ugonjwa adimu wa neva uitwao ALS, kilipokea dola milioni 115. Wapo waliobeza kwamba ni mchezo wa mitandaoni tu. Sisi tulio kwenye utafiti tunajua fedha zile zilipita wapi.

ALS huua seli za neva zinazoamrisha misuli. Mgonjwa huanza kwa kujikwaa au kuangusha kikombe, baadaye hushindwa kutembea, kuongea, kumeza, na mwisho kupumua. Wengi hufariki miaka 2 hadi 5 baada ya dalili za kwanza. Wakati wa ndoo zile, dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa iliyoidhinishwa Marekani ilikuwa moja tu, riluzole ya mwaka 1995, nayo huongeza miezi michache.

Ugonjwa adimu una tatizo ambalo magonjwa ya wengi hayana: hakuna hospitali moja, pengine hata nchi moja, yenye wagonjwa wa kutosha kuchunguzwa. Ukitafuta badiliko la jeni linaloonekana kwa wagonjwa 3 tu kati ya 100, unahitaji sampuli za damu za maelfu ya watu. Kila sampuli itolewe kwa ridhaa, igandishwe, vinasaba vyake visomwe herufi kwa herufi na kulinganishwa na vya watu wasiougua. Kazi hiyo haina bidhaa ya kuuza, kwa hiyo kampuni za dawa huwa hazina haraka nayo. Hapo ndipo michango ya umma inapofanya kazi.

Dola milioni 1 za ndoo zilikwenda kwenye Project MinE, mpango ulioanzia Uholanzi wa kusoma vinasaba vya wagonjwa wa ALS kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2016, watafiti zaidi ya 80 kutoka nchi 11 walitangaza kwamba jeni ya NEK1 inahusika na ugonjwa huo. Kupata jeni si kupata dawa, naomba hili lieleweke vizuri. Uhusiano wa jeni ya SOD1 na ALS uligunduliwa mwaka 1993. Dawa inayoilenga jeni hiyo, tofersen, ambayo huchomwa kwenye maji ya uti wa mgongo, iliidhinishwa Marekani Aprili 2023. Ni miaka 30, na inawafaa takriban wagonjwa 2 tu kati ya 100.

Fedha nyingine, dola milioni 2.2, ziligharimia majaribio ya dawa ya AMX0035. Matokeo ya awali yalitia moyo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2022. Jaribio kubwa zaidi likaonyesha haisaidii, na mwaka 2024 kampuni ikaiondoa sokoni. Familia nyingi ziliumia sana. Hata hivyo sikubali kwamba fedha hizo zilipotea. Bila jaribio lile, wagonjwa wangeendelea kulipia na kumeza dawa isiyowafaa.

Kwa hiyo unapoombwa kuchangia kampeni iliyosambaa, uliza kwanza: inalipia utafiti au matibabu? Kumchangia mtoto mmoja apate dawa iliyokwisha kupatikana ni jambo jema kabisa, ila si utafiti. Chama cha ALS kilielekeza takriban theluthi mbili ya michango ya ndoo kwenye utafiti, iliyobaki ikaenda zaidi kwenye huduma za wagonjwa na elimu. Uliza pia kama fedha zitagawanywa kwa miaka kadhaa, maana kampeni huzimika kwa wiki chache na jaribio moja la dawa huchukua miaka.

Na kama nyumbani kwenu kuna mwenye ugonjwa adimu, muulizeni daktari wake kama kuna daftari la wagonjwa la kujiandikisha, na kama damu yake inaweza kuhifadhiwa kwa utafiti. Watafiti wenye fedha mkononi bado hukwama kwa kukosa watu wa kushiriki.