Je, wajua kwa nini ujumbe wa simu unaweza kukaa njiani miaka minane?

Waliowahi kuandika barua za posta wanayakumbuka maneno haya: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Aliyeyaandika alijua kwamba uzima anaoutangaza ni wa siku ile aliyoshika kalamu, na kwamba barua itakapofunguliwa wiki tatu baadaye, huenda yeye mwenyewe atakuwa kitandani na homa. Hadithi ya Kijapani iitwayo Hoshi no Koe, yaani "Sauti ya Nyota", imeichukua hofu hiyo ya zamani na kuipeleka mbali kuliko barua yoyote iliyowahi kwenda.

Ilianza mwaka 2002 kama filamu ya katuni ya dakika 25 hivi, ambayo Makoto Shinkai aliitengeneza karibu peke yake kwa kompyuta ya nyumbani, na kuanzia mwaka 2004 Mizu Sahara akaichora upya kuwa manga ya juzuu moja. (Manga hapa ni hadithi ya picha ya Kijapani, neno hilo halina undugu na Manga ya Uarabuni iliyotupa pilipili manga.) Mikako na Noboru ni wanafunzi wa darasa moja. Mwaka 2046 Mikako anachaguliwa kuwa rubani wa roboti ya kivita katika msafara unaokwenda angani kuwatafuta viumbe wageni, naye Noboru anabaki Japani. Kinachowaunganisha ni simu ya mkononi tu.

Sasa tulijibu swali. Ujumbe wa simu husafiri kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo huenda kwa mwendo wa nuru, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Duniani mwendo huo ni mkubwa kiasi kwamba hatuoni kuchelewa kokote, lakini angani kuchelewa huanza kuonekana mapema: kutoka Mirihi ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi katika njia zao, na kutoka Pluto huchukua takriban saa 4 hadi 7. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho ndicho kilicho mbali zaidi kati ya vyote vilivyotengenezwa na binadamu, kinahitaji karibu siku nzima kutufikishia neno lake. Nyota Sirius, ambako msafara wa Mikako unafika hatimaye, iko umbali wa miaka 8.6 ya nuru, yaani nuru, na ujumbe wa simu vilevile, huchukua miaka 8.6 kutoka huko hadi kwetu.

Msomaji makini atauliza jinsi gani msichana amefika huko kabla ya ujumbe wake kurudi nyumbani. Mwandishi amezipa meli zake uwezo wa kuruka masafa kwa njia ya mkato, jambo ambalo sayansi haijalipata, lakini simu akainyima uwezo huo. Naona hapo ndipo penye busara yote ya hadithi hii, kwa sababu kwa uamuzi huo mmoja watu wawili wa rika moja wanawekwa katika nyakati mbili tofauti: Mikako bado ana miaka 15, huku Noboru akizidi kukua peke yake. Upweke wao hautokani na umbali wenyewe, maana watu wengi hupendana wakiwa mbali; unatokana na kutokuwa na "sasa" moja. Salamu ya vijana wetu, "Sasa?", ambayo mtu huijibu bila hata kufikiri, kati yao haiwezekani. Kila mmoja anaishi na kumbukumbu ya mwenzake tu, na mambo wanayoyakumbuka ni madogo kabisa: sauti ya mvua juu ya mwavuli, harufu ya lami iliyonyeshewa ghafla.

Kuna picha moja isiyonitoka. Mikako ameketi ndani ya roboti, bado amevaa sare ya shule, na baada ya kutuma ujumbe, kioo cha simu kinamwonyesha muda utakaopita kabla haujafika: miaka 8, siku 224.

Hadithi ni ya kweli hata katika hali ya ujumbe unaofika. Mawimbi ya redio hutawanyika kadiri yanavyokwenda. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokewa hubaki robo. Kwa hesabu hiyo, ishara kutoka Sirius hutufikia ikiwa dhaifu zaidi ya mara milioni 100 kuliko ishara ileile ikitoka Pluto. Ndiyo maana simu ya Noboru, inapolia baada ya miaka hiyo yote, inaonyesha mistari michache tu, na sehemu kubwa iliyobaki imeharibika isisomeke.

Mapema mwezi wa Februari, mnamo saa nne usiku, ukisimama uani Dar es Salaam na kuinua macho, Sirius huwa karibu na utosi, nayo hung'aa kuliko nyota nyingine zote za usiku. Nuru unayoiona iliondoka huko miaka minane na nusu iliyopita. Noboru ana miaka 24 anapousoma ujumbe ule, na akibonyeza kitufe cha kujibu papo hapo, jibu lake litamfikia Mikako zaidi ya miaka 17 tangu alipouliza.