Ada kwa tani: malipo yanayopungua kadiri hewa inavyosafika

Nchini Marekani kiwanda kikubwa hakiruhusiwi kufanya kazi bila kibali cha hewa, na kila mwaka mwenye kiwanda hulipia tani za uchafu zilizotoka kwenye mabomba yake. Malipo hayo ndiyo ada kwa tani. Ukiyasikia mara ya kwanza unaona ni haki tupu: aliyechafua alipe. Lakini fuata pesa hiyo uone inakokwenda. Haimfikii aliyevuta moshi. Inalipa mshahara wa mhandisi wa jimbo anayekisimamia kiwanda hichohicho, kwa hiyo moshi ukipungua, fungu la mishahara nalo linapungua.

Wengi hudhani kazi hii yote inafanywa na EPA, yaani shirika la serikali kuu la kulinda mazingira. Chini ya Sheria ya Hewa Safi ya 1970, EPA huweka vikomo vya uchafu. Kuandika vibali, kukagua viwanda na kupima hewa ya mitaani ni kazi ya majimbo kwa sehemu kubwa. Anayebisha hodi getini kwa kawaida ni mtumishi wa jimbo, au wa wilaya ya hewa, yaani idara ya eneo inayosimamia hewa, kama ilivyo California.

Ada yenyewe ilizaliwa mwaka 1990, sheria ilipofanyiwa marekebisho makubwa. Sehemu ya Tano ya marekebisho hayo ilitaka kila chanzo kikubwa kiwe na kibali kimoja kinachokusanya masharti yake yote, na ada zitosheleze gharama zote za kazi hiyo. Kama kipimo, sheria ilitaja dola 25 kwa tani, kiwango kinachopandishwa kila mwaka kufuata bei, na ambacho kimeshapita dola 50. Iliruhusu pia jimbo lisihesabu tani zinazozidi 4,000 za aina moja ya uchafu kutoka kiwanda kimoja. Kwa maneno mengine, mchafuzi mkubwa kupindukia alipata nafuu tangu siku ya kwanza.

Chukua mfano wa kubuni, kwa ada ya dola 50. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe unatoa tani 4,000 za dioksidi ya salfa kwa mwaka, unalipa dola 200,000. Unafungiwa mashine ya kusafisha moshi, tani zinashuka hadi 400, ada inakuwa dola 20,000. Kazi ya mwandishi wa kibali je? Haikupungua hata ukurasa mmoja. Pengine imeongezeka, maana mashine mpya ina masharti yake, vipimo vyake na ripoti zake. Kibali hudumu miaka 5, kisha kinaandikwa upya.

Sasa utoke kwenye mfano uingie kwenye nchi nzima. Mwaka 1990 mitambo ya umeme ya Marekani ilitoa zaidi ya tani milioni 15 za dioksidi ya salfa. Siku hizi haifikishi tani milioni 1. Ni ushindi ambao nchi yoyote ingeuonea fahari, na ulipigwa kwa msaada wa idara hizihizi ambazo sasa zinahesabu senti. Mitambo mingi ya makaa imefungwa kabisa, na siku mtambo unapozimwa ada yake inakwisha.

Utauliza, si kuna ruzuku ya serikali kuu? Ipo, na jimbo hutakiwa kuchangia fedha zake juu yake. Ila ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliandika mwaka 2020 kwamba ruzuku za EPA kwa usimamizi wa hewa wa majimbo na miji zimeshuka kwa takriban asilimia 20 tangu 2004, ukishatoa athari ya mfumuko wa bei. Tena mifuko hii miwili haikopeshani: ada ya kibali haiwezi kulipia kazi ya moshi wa magari, wala ruzuku haiwezi kuziba pengo la vibali.

Pengo hilo huonekana kwanza kwa watu. Kuandika kibali cha kiwanda cha kusafisha mafuta hakufundishwi kwa wiki mbili. Mhandisi hujifunza miaka kadhaa, mezani na kiwandani. Akishaiva, kampuni za ushauri zinazowaandalia wenye viwanda maombi ya vibali zinamwita kwa mshahara ambao jimbo haliwezi kuufikia. Anahamia upande wa pili wa meza ileile. Waliobaki wanarithi mafaili yake, huku sheria ikiruhusu jimbo miezi 18 tu ya kukamilisha ombi.

Kwenye vituo vya kupimia hewa shida ni ya aina nyingine. Chembe laini za vumbi na moshi bado hupimwa sehemu nyingi kwa karatasi ya chujio, ambayo lazima mtu aende kuichukua, kisha ipimwe uzito katika maabara yenye joto na unyevu maalumu. Robo mwaka ikikosa zaidi ya asilimia 25 ya vipimo vyake, data yake huhesabika pungufu. Kituo kikiwa na mtumishi mmoja, akiugua wiki kadhaa na mashine iwe chakavu, hapo tayari data ya robo hiyo imepungua. Na kazi inaongezeka: Februari 2024 EPA ilishusha kikomo cha mwaka cha chembe hizo kutoka mikrogramu 12 hadi 9 kwa mita ya ujazo, uamuzi ambao ulipingwa mahakamani.

Majimbo kadhaa yameacha kutegemea tani peke yake. Yanatoza ada ya msingi kwa kila kiwanda, au saa za mhandisi, au kwa kadiri kibali kilivyo kigumu. Kihesabu ni jambo jepesi. Kisiasa si jepesi hata kidogo, maana anayekwenda kuomba mbele ya bunge la jimbo ni mkuu wa idara, na hoja yake ni kwamba kiwanda kilichopunguza moshi kwa gharama kubwa sasa kilipe zaidi kwa kila tani iliyobaki.