Mafunzo ya lazima kuhusu Wenyeji wa Asili: nilichoacha kufundisha

Kila darasa langu lina mtu wa kiti cha nyuma. Anaingia dakika mbili kabla ya saa, havui koti, anakunja mikono kifuani, na uso wake unasema wazi: nimekuja kwa sababu jina langu lisipoonekana kwenye orodha, meneja atanipigia simu. Simlaumu. Na mimi nilianzia kiti hicho hicho.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu hapa Edmonton, mkoani Alberta, Kanada, ni kuwafundisha wafanyakazi wa afya kile kinachoitwa uelewa wa utamaduni wa Wenyeji wa Asili. Nikiwaeleza watu wa nyumbani wanacheka: yaani wewe, Msambaa, unamfundisha Mkanada habari za Kanada? Nacheka nao. Ila ukipita kwenye wodi na nyumba za wazee saa sita usiku, wanaogeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka wengi ni wahamiaji: Wafilipino, Wakongo, Warundi, Wasomali, Wakenya. Ndio ninaowafundisha, na ndio wanaonibishia zaidi.

Kwanza maneno, maana kwetu yameharibika. Shuleni tulifundishwa "Wahindi Wekundu". Liacheni hilo. Wenyeji wa Asili wa Kanada ni makundi matatu: Mataifa ya Kwanza, Wainuit wa kaskazini kabisa, na Wametis, ambao ni uzao wa Wenyeji na Wazungu. Na yale maeneo walikosukumwa kuishi, wengine huyaita "hifadhi" kwa Kiswahili. Mimi nasema rizavu. Hifadhi kwetu ni ya tembo.

Amri ya kufundisha ilitoka wapi? Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Jaji Murray Sinclair, ilimaliza kazi yake na kutoa miito 94 ya kuchukua hatua. Ilikuwa imechunguza shule za bweni zilizoendeshwa na serikali pamoja na makanisa, ambamo watoto wapatao 150,000 walipitishwa, wengi wakichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi, ya mwisho ikifungwa miaka ya 1990. Kati ya miito hiyo, namba 23 na 24 inahusu watu wa afya, 27 mawakili, 57 watumishi wa serikali, 92 makampuni. Yote ina jambo moja la kufanana: fundisheni watu wenu historia hii. Kwa hiyo kila mwajiri akaagiza kozi, nyingi za kubofya kwenye kompyuta hadi cheti kitoke.

Ubishi mkubwa hapa Alberta haukuzuka kwetu hospitalini. Ulizuka kwa mawakili. Chama chao, ambacho ndicho kinachotoa leseni, kiliamua kwamba kuanzia mwaka 2021 kila wakili anayefanya kazi apitie kozi ya mtandaoni ya takriban saa tano kuhusu Wenyeji wa Asili, kwa muda wa miezi 18, la sivyo leseni isimamishwe. Wapo waliogoma. Mmoja wao alikuwa wakili mzaliwa wa China, aliyesema amekimbia nchi ya kufundishwa siasa kwa lazima na hakutarajia kuyakuta hayo Kanada. Kikaitishwa kikao maalumu, na Februari 2023 wakapiga kura ya ama kuifuta kanuni hiyo au kuibakiza. Kura 864 zilitaka ifutwe, 2,609 zikakataa. Wengi walidhani yameisha. Hayakuisha: Novemba 2025 serikali ya mkoa ikapeleka bungeni mswada wa kuzibana bodi za taaluma zisilazimishe mafunzo ya namna hii pale yasipohusu umahiri wa kazi yenyewe.

Nimeulizwa mara nyingi niko upande gani. Nina upande, ila hauingii vizuri kwenye kura ya ndiyo na hapana.

Wanaopinga ulazima wana hoja ambayo sisi wakufunzi hatupendi kuigusa. Frank Dobbin na Alexandra Kalev, wanasosholojia, walichambua takwimu za kampuni zaidi ya 800 za Marekani kwa miongo mitatu. Mwaka 2016 waliandika kwamba miaka mitano baada ya kampuni kuwalazimisha mameneja wake kuhudhuria mafunzo ya uanuwai, yaani ya kufanya kazi na watu wa asili na jinsia tofauti, sehemu ya wanawake Weusi kwenye umeneja ilishuka kwa wastani wa asilimia 9. Ilishuka! Mtu ukimburuta darasani, anatoka na kiburi zaidi ya alichoingia nacho. Hayo mafunzo ya uanuwai si sawasawa na yangu, najua, lakini ile mikono kifuani ni ile ile.

Kuna kosa jingine ambalo nalijua kwa sababu nilikuwa nalitenda mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na ukurasa wa "Mila za Wenyeji": manyoya ya tai, ngoma, na kwamba mzee wa Kikrii, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, hapendi kutazamwa usoni, hivyo usimkazie macho, ni heshima. Watu walinakili kwelikweli. Wiki chache baadaye muuguzi mmoja kijana, mwenye nia njema kabisa, akaenda kumweleza mama mmoja wa Kikrii matokeo ya vipimo vya figo. Alieleza yote akiwa ameliangalia pazia. Yule mama, mwalimu mstaafu, akamsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza: "Mwanangu, hali yangu ni mbaya kiasi hicho hata huwezi kunitazama?" Muuguzi aliponisimulia alikuwa karibu kulia. Nikaufuta ule ukurasa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimemfundisha kuamkia kitabu badala ya mtu.

Jambo hili wenzetu wa New Zealand walishalivuka zamani. Huko muuguzi wa Kimaori, Irihapeti Ramsden, alikuja na wazo la usalama wa kitamaduni, na mwaka 1992 baraza la wauguzi likaliingiza kwenye masomo ya kila anayetaka leseni. Magazeti yakawaka moto miaka miwili mitatu, wanafunzi wakalalamika kwamba wanalishwa siasa, bunge nalo likaingilia. Ubishi wa Alberta ni wa juzi tu. Wenzetu hao walishaula wakaumaliza. Ramsden hakutaka muuguzi akariri mila za Wamaori. Alitaka muuguzi ajijue yeye: amebeba nini kichwani, ana nguvu gani juu ya aliyelala kitandani. Na mwenye kusema kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa, mhudumu hana kura hapo.

Sasa nije kwa ndugu zangu wahamiaji, maana hapa ndipo moto ulipo.

"Dada, mimi nimekuja juzi. Sikumnyang'anya mtu ardhi." Nalisikia karibu kila kikao, na ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba kozi nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mjukuu wa mlowezi, zinamwomba aone haya. Ukimwonesha kozi hiyo mtu aliyelala miaka minane kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anakuangalia kama umechanganyikiwa. Kwa hiyo haya siiombi. Ninachofanya ni kuwasimulia mambo mawili na kukaa kimya.

La kwanza, baada ya vita vya mwaka 1885 huku magharibi, mtu wa Mataifa ya Kwanza hakuruhusiwa kutoka rizavu bila karatasi yenye sahihi ya wakala wa serikali, iseme anakwenda wapi na atarudi lini. Haikuwa hata sheria iliyopitishwa na bunge, ilikuwa amri ya ofisini tu, na ikadumu miongo. Hapo Wakenya huanza kugeukiana. Kuna mmoja alinikatiza: "Hiyo si kipande?" Babu yake alikitembeza hicho kitambulisho cha kikoloni shingoni ndani ya kikebe cha bati. La pili, watoto wa shule za bweni walichapwa kwa kusema lugha ya mama. Hapo sina haja ya kueleza. Nauliza tu nani amewahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani, na mikono inaanza kuinuka.

Kutoka hapo hawaoni tena kwamba wanafundishwa habari za wazungu na wagomvi wao.

Lakini hata hilo ni mlango tu. Kinachoumiza wagonjwa hakiishi kwenye historia. Septemba 28, 2020, Joyce Echaquan, mama wa Kiatikamekw, nalo ni mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, mwenye umri wa miaka 37 na watoto saba, alifariki hospitalini Joliette, Quebec. Muda mfupi kabla ya kufa aliwasha simu akarusha moja kwa moja Facebook, na Kanada nzima ikasikia wahudumu wakimtukana kitandani. Mchunguzi wa vifo alisema ubaguzi ulichangia. Nimeitazama ile video mara moja, siwezi tena, na siioneshi darasani. Wale wahudumu hawakukosa ukurasa wa mila. Walikuwa na yakini kwamba hakuna atakayewauliza.

Ndiyo maana nawabishia pia wanaonipigia makofi. Mwajiri ananunua kozi ya saa tano, kila mtu anapata cheti, anapeleka ripoti juu kwamba asilimia mia moja wamehitimu, na sanduku la malalamiko liko ghorofa ya chini nyuma ya lifti. Nilipowahi kufanya kazi, mfanyakazi pekee wa Kimetis katika idara alikuwa anaombwa kila mwaka asimame asimulie maumivu ya bibi yake mbele ya wenzake, bila nyongeza ya senti moja, kisha anarudi kupanga zamu. Mwaka wa tatu akakataa. Wakamwita mgumu.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Naweza kukulazimisha kujua, siwezi kukulazimisha kukubali, na sina haki ya kujaribu. Mfano ninaoupenda ni sanduku la dawa. Edmonton iko ndani ya eneo la Mkataba wa Sita, uliotiwa sahihi mwaka 1876. Viongozi wa Wakrii walikuwa wameona ndui ikifagia watu, nyati wakiisha, wakasisitiza kiingizwe kifungu kwamba kwenye nyumba ya kila wakala wa serikali kutawekwa sanduku la dawa kwa matumizi ya watu wao. Leo mhudumu akinung'unika kwamba "hawa wanapewa dawa na miwani bure", namweleza kwamba wanaposema hiyo ni haki yao wanasimama juu ya sanduku lile: waliridhia ardhi itumike, na hilo ni sehemu ya bei. Mahakama na serikali bado zinavutana lina upana gani. Ukitaka kubisha, bisha, lakini bisha ukijua lilikotoka. Muuguzi wa Alberta asiyejua hilo amepungukiwa na ujuzi wa kazi, kama asiyejua kipimo cha insulini. Hilo liwe lazima na mtihani uwepo. Ila usinipe fomu ya kumwandikisha mtu anavyojisikia moyoni. Zipo kozi zinazouliza hivyo, na jibu linalopita unalijua kabla ya kulisoma swali.

Kilichobaki nimekigeuza kuwa taratibu. Chukua kufukiza. Wenyeji wengi husali kwa moshi: majani makavu ya seji kwenye kombe la baharini, unyoya wa kuupepea, unajipaka moshi kichwani na kifuani. Mtu wa pwani hahitaji darasa, anaona chetezo na ubani wa bibi yake. Zamani nilitumia dakika arobaini kueleza maana ya kila jani. Siku hizi natumia kumi: chumba kipi kinaruhusiwa, oksijeni ifungwe na mtungi utolewe nje, taulo bichi chini ya mlango, na namba ya mafundi wa jengo wanaozima king'ora cha moshi. Nawafanya waiandike kwa mkono. Maana mgonjwa akiomba kufukiza saa nane usiku, kinachomkatalia mara nyingi si chuki. Ni mhudumu asiyejua ampigie nani, anayeogopa kuamsha jengo zima, basi anasema "haiwezekani, baba" na kufunga mlango.

Mtu wa kiti cha nyuma ninayemkumbuka zaidi ni kaka mmoja wa Bukavu, wa zamu ya usiku. Alibisha tangu mwanzo hadi mwisho, kwa adabu, akasaini, akaondoka na koti lake. Miezi kama mitatu ikapita. Simu ikalia usiku wa manane.

"Mama, samahani kukuamsha. Mzee wa chumba cha mwisho anataka kufukiza, watoto wake wamefika. Ile karatasi nimeipoteza. Namba ya watu wa king'ora ni ipi?"

Nikamsomea. Akairudia polepole, nikasikia kalamu.

"Asante, mama. Lakini yale mengine bado sikubaliani na wewe."

"Sawa. Oksijeni umefunga?"

"Nimefunga."