Kutoka Petersallee hadi Maji-Maji-Allee

Mtanzania akiniomba nimtembeze Berlin, Lango la Brandenburg linaweza kusubiri. Tunapanda treni ya U6 hadi Rehberge, kitongoji cha Wedding, tunaingia Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika. Humo kuna Tangastraße, Usambarastraße na Sansibarstraße, na wakazi wengi wanazitaja kila siku bila kujua zilikotoka.

Majina yalianza 1899, kwa Kamerun na Togo, wakati Ujerumani ikitamba na makoloni yake. Jirani na hapo Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama kutoka Hamburg, alitaka kufungua bustani ya kuonyesha wanyama wa Afrika, na watu pia. Vita Kuu ya Kwanza ikauzima mpango huo. Makoloni yakaenda, vibao vipya vikaendelea kupigiliwa.

Mimi husimama zaidi kwenye kisa cha Petersallee. Mwaka 1939 Wanazi waliipa barabara hiyo jina la Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara mwaka 1884 akikusanya mikataba ya ulaghai kwa machifu, na ambaye baadaye kule Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi 1897. Lawama zilipozidi, mwaka 1986 wakuu wa Berlin Magharibi waliliacha jina, wakambadilisha mtu! Kibao kidogo kikaeleza kwamba Peters anayeenziwa ni Hans Peters, mwanasiasa aliyewapinga Wanazi. Ujanja huo unaniudhi kuliko tendo la 1939, maana wale wa 1939 hawakujificha.

Mabadiliko ya kweli yalikuja Agosti 2024, jina la Petersallee lilipoondolewa. Leo ukitokea Müllerstraße unapita Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Kiherero aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, unafika Manga-Bell-Platz, uwanja unaowakumbuka Emily na mumewe Rudolf Duala Manga Bell, aliyenyongwa na Wajerumani Kamerun mwaka 1914. Kisha unaingia Maji-Maji-Allee. Wageni wa Songea hapo hutoa simu wapige picha, na mimi huwaachia nafasi.

Pitia pia Afrikanische Straße uone maghorofa ya msanifu majengo Mies van der Rohe ya 1926–27: kuta tupu, hayana pambo, roshani zimeviringwa pembeni. Wengi huyapita bila kugeuka. Ukichoka, ingia bustani ya Rehberge, iliyofunguliwa 1929. Miti ya zamani ilikatwa kwa kuni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na waliopanda mingine walikuwa Waberlin wasio na ajira.